Kati ya Kiwele na Kikombe

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mwamba wa Tororo, madumu ya maziwa yameshafungwa nyuma ya baiskeli. Yanatoka vijiji vya gombolola ya Kirewa, huko Budama Magharibi, yanaelekea Nagongera na Tororo mjini. Mengine hufika hadi miji ya mpakani, Malaba na Busia, ambako chai isiyotiwa maziwa huitwa strungi, na mgeni akipewa hiyo hujua mwenyeji wake amekwama. Nyumbani hubaki kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachobishaniwa. Mzee atakwambia maziwa ndiyo yaliyomjengea mifupa. Binti yake atasema akinywa bilauri moja tumbo humnguruma hadi aone haya mbele za watu. Kijana aliyerudi kutoka zahanati na bahasha ya vidonge atasema ameambiwa ana homa ya brusela, maziwa asiyaguse tena.

Kosa la wote watatu ni moja: wanayasema maziwa kana kwamba ni kitu kimoja. Maziwa mabichi yaliyotoka kiweleni sasa hivi, maziwa yaliyochemshwa, maziwa yaliyoganda, samli, na unga wa maziwa wa kopo ni vyakula vitano tofauti, na kila kimoja kina tabia yake mwilini. Vinywa navyo si kimoja. Mtoto wa miezi minne, mtoto wa miaka miwili aliyeachishwa ziwa juzi, mama mjamzito na mzee wa miaka sabini hawanywi kitu kilekile hata wakichovya kikombe katika sufuria moja. Kwa hiyo swali la kama maziwa ni mazuri au mabaya halina jibu. Lenye jibu ni hili: maziwa gani, kwa nani, na yalipitia mikono gani kati ya kiwele na kikombe?

Tuanze na tumbo linalonguruma, kwa sababu hapo Uganda ina historia yake. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Kampala, G. C. Cook na S. K. Kajubi, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliowashangaza wengi. Waliwanywesha watu wazima sukari ya maziwa, yaani laktosi, kisha wakapima kama sukari imepanda katika damu. Kwa Baganda wengi haikupanda ipasavyo. Ilipita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa. Kwa Bahima na Watutsi, watu waliolelewa na ng'ombe kizazi baada ya kizazi, ilimeng'enywa bila shida. Wakati huo vitabu vya Ulaya vilimhesabu mtu asiyeweza maziwa kuwa mgonjwa. Utafiti wa Kampala ulikuwa miongoni mwa tafiti za kwanza kuonyesha kwamba jambo hili linafuata ukoo na historia, wala si maradhi.

Leo tunajua kinachotokea. Kila mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachoikata laktosi vipande viwili ili iingie katika damu. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani karakana hiyo hufungwa polepole. Takribani thuluthi mbili ya watu wazima wa ulimwengu wako hivyo. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria huifanyia karamu, gesi hujaa, maji huvutwa, na mwenye tumbo hukimbilia msalani. Mwaka 2007 kundi la Sarah Tishkoff, lililochunguza watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, lilionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayoiacha karakana hiyo wazi maisha yote. Mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Yalizuka hapa kivyake, ndani ya miaka elfu saba hivi iliyopita, na yakaenea upesi kwa sababu aliyeweza kunywa maziwa wakati wa kiangazi ndiye aliyebaki na watoto.

Kirewa iko wapi katika ramani hiyo? Wajopadhola ni Waluo kwa asili, na Waluo walishuka kutoka Sudan wakichunga. Lakini kwa karne kadhaa wamekuwa watu wa jembe: wimbi, mtama, muhogo, karanga, kunde. Wamepakana na Banyole, Basamia na Bagwere, na upande mwingine Iteso wenye ng'ombe wao. Wameoana na hao wote. Hivyo ukitaka kujua tumbo la mtu wa huku usimuulize kabila, mpe kikombe. Na hapo kuna habari njema ambayo wengi hawaambiwi: hata mtu ambaye karakana yake imefungwa, kwa kawaida huvumilia gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, ambazo ni sawa na bilauri moja ya mililita 250, hasa akinywa pamoja na chakula. Maziwa yanayotiwa katika chai ni machache kuliko hayo. Yule binti si lazima ayakimbie maziwa. Ayanywe kidogo kidogo, akiwa ameshiba uji.

Au ayanywe yakiwa yameganda. Wakenya huyaita maziwa lala au mala, Watanzania mtindi, Waganda bongo. Jina lolote, kazi ni ile ile. Bakteria wanaoyagandisha hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, na katika mtindi wao huingia tumboni wakiwa hai na kuendelea kuimeng'enya humo humo. Wazee hawakuwa na neno laktosi, lakini watu wazima wa makabila mengi ya huku waliyanywa zaidi yaliyoganda, mabichi wakawaachia watoto. Samli nayo ni jambo jingine kabisa. Ni mafuta karibu matupu. Laktosi yake imebaki katika machicha, na kalsiamu na protini vimebaki huko huko. Anayepaka samli kwenye kunde akidhani anajenga mifupa amepotea, ingawa ladha sitaipinga.

Kuna upishi mmoja wa Kiluo ambao naona haujapewa heshima yake: mboga za kienyeji, kunde, mnavu, mito, zinazochemshwa kwa maziwa, zikarudiwa moto siku ya pili hata ya tatu mpaka uchungu ukaisha. Mpishi anatafuta ladha, lakini mwilini yanatokea mambo mawili. Mafuta ya maziwa husaidia utumbo kuichukua rangi ya mboga inayogeuka vitamini A, ambayo bila mafuta hupita bure. Na kalsiamu ya maziwa huishika asidi ya oksaliki iliyomo katika baadhi ya mboga hizi, isiingie mwilini na kuzipa kazi figo.

Sasa homa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua huko Malta kijidudu kilichowaua askari kwa homa isiyokoma. Hakujua kinatoka wapi. Ilikuwa mwaka 1905 Themistocles Zammit, Mmalta, alipogundua kwamba mbuzi wa maziwa ndio waliokibeba. Kijidudu kikapewa jina la Bruce: brusela. Na Bruce huyo huyo mwaka 1903 alikuwa Entebbe, ametumwa kuongoza uchunguzi wa malale yaliyokuwa yakimaliza watu ukingoni mwa ziwa. Mtu mmoja, magonjwa mawili, na yote mawili yanaihusu Tororo. Mbung'o wanaoeneza malale walifanya ufugaji wa eneo hili kuwa bahati nasibu hata kituo cha utafiti wa malale cha Afrika Mashariki kikawekwa Tororo. Brusela yenyewe huja kimya, katika maziwa mabichi na katika damu ya ng'ombe aliyeharibu mimba.

Anayeipata hutoka jasho usiku, huumwa viungo na mgongo, homa hupanda na kushuka kwa wiki nyingi. Ukiyasema maneno hayo Kirewa, kila mtu atakujibu kwa sauti moja: malaria. Na hawakosei bila sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walikadiria kwamba mtu wa Tororo huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka, mojawapo ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa popote. Mtu wa hali hiyo akiwa na homa, kubahatisha malaria ni kubahatisha vizuri. Lakini kuanzia mwisho wa 2014 nyumba za wilaya zilipuliziwa dawa, na malaria ikaanguka kwa kishindo kabla ya kupanda tena miaka ya karibuni. Malaria inapopungua, homa zilizobaki zinahitaji majina mengine, na hapo ndipo brusela hupata sifa.

Sifa hiyo imezidi kipimo. Ng'ambo ya pili ya mpaka, katika kaunti ya Busia, watafiti waliwapima mwaka 2012 na 2013 wagonjwa 825 wa hospitali mbili waliokuwa na dalili zinazofanana na za brusela. Kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika hospitalini kilisema karibu mmoja kati ya watano anao ugonjwa. Kipimo cha kuaminika zaidi, kiitwacho rozi bengali, kilimkubali karibu mmoja tu katika mia. Hesabu hiyo inatosha kumkosesha mtu usingizi. Kwa kila mgonjwa wa kweli, kundi zima la watu waliambiwa wana brusela na hawana, wakanywa vidonge vya antibiotiki kwa wiki sita, wakauza kuku kulipia, na ugonjwa wao halisi ukaendelea kuwala. Na kila mmoja wao alirudi nyumbani akiyalaani maziwa.

Nasema hivi bila kuitetea tabia ya kunywa maziwa mabichi. Brusela ipo. Kifua kikuu cha ng'ombe, kinachovimbisha tezi za shingo za mtoto, kipo. Kuhara kwa maziwa yaliyokaa juani kupo kila wiki. Lakini kinga ya yote haya ni moto, na moto haumnyimi mtu maziwa. Kiwandani hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa. Jikoni, yakichemka na kupanda mara moja yamekwisha kuvuka viwango vyote viwili. Mtu akisema yakichemshwa hupoteza nguvu, ni kweli kwamba vitamini kadhaa hupungua, lakini protini na kalsiamu hubaki. Kijana mwenye bahasha ya vidonge angepaswa kuambiwa mambo mawili: rudia kipimo kwa njia ya kuaminika, na maziwa yako yachemshe. Kuambiwa aache ni njia ya mkato ya mhudumu aliyechoka.

Kugandisha kwa maziwa mabichi ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko chai. Wengi wanaamini ukali wa mala unaua kila kijidudu. Asidi huwapunguza, lakini brusela huweza kudumu siku kadhaa katika maziwa yaliyoganda. Njia salama si ngumu: chemsha, yaache yapoe hadi kidole kivumilie, kisha tia vijiko viwili vya mala ya jana. Kibuyu kitaridhika tu.

Tukifika kwa watoto, hapo ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu ndipo maziwa yanapookoa na ndipo yanapodhuru zaidi.

Chini ya miezi sita hakuna mjadala: ziwa la mama tu, hata maji hayahitajiki. Kati ya miezi sita na mwaka wataalamu wamegawanyika. Madaktari wa watoto wa Marekani husema maziwa ya ng'ombe yasubiri hadi mwaka mmoja; Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linaruhusu maziwa ya mnyama kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 ambaye hanyonyi. Mimi, kwa Kirewa, nasimama karibu na Wamarekani, na sababu yangu ni damu. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina madini ya chuma nusu miligramu tu, na kalsiamu na protini zake huzuia hata chuma kinachotoka katika chakula kingine. Kwa mtoto mchanga huweza hata kusababisha damu kidogo kidogo kuvuja utumboni. Mahali ambapo kila homa ya malaria hula chembe nyekundu za damu, kumjaza mtoto wa miezi minane maziwa ya ng'ombe badala ya maharage yaliyopondwa, maini au unga wa mukene, yaani dagaa, ni kumwongezea upungufu wa damu juu ya mwingine. Maziwa yawe nyongeza, na yapitie kikombe, kamwe si chupa ya chuchu ambayo hakuna anayeweza kuisafisha vizuri kwa maji ya kisima.

Baada ya mwaka mmoja picha hugeuka. Uganda inaijua kwashakoo tangu zamani. Mulago ilikuwa mojawapo ya hospitali zilizoichunguza sana duniani, na kituo chake cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kimewafundisha akina mama wengi kumlisha mtoto aliyevimba miguu na kupauka nywele. Dawa ya kwanza ya kwashakoo ilikuwa maziwa ya unga. Hata leo vyakula vya tiba vya watoto waliodhoofu, yale maziwa maalumu ya wodini na ile siagi ya karanga ya pakiti, vimejengwa juu ya unga wa maziwa. Wataalamu wamejaribu kuuondoa ili kupunguza gharama, na haujaondoka kirahisi, kwa sababu protini yake, kalsiamu, fosforasi, zinki na vitamini B12 huja pamoja katika umbo ambalo mtoto mdogo huweza kulimeza. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyetoka ziwani akaingia moja kwa moja katika ugali wa muhogo, ambao una wanga na karibu hauna kingine, ndiye anayehitaji kikombe cha maziwa kuliko mtu yeyote nyumbani.

Lakini maziwa si mwisho wa yote hata kwake. Jaribio la Embu, Kenya, lililoanza 1998 katika shule 12, liliwapa watoto wa darasa la kwanza githeri: wengine iliyoongezwa nyama, wengine wakapewa na maziwa, wengine ikaongezwa mafuta, na kundi moja halikupewa kitu. Waliopewa maziwa, hasa wadogo waliokuwa wamedumaa, waliongeza kimo, na vitamini B12 ikapanda katika damu yao. Katika majaribio ya kufikiri, waliokula nyama ndio waliowapita wenzao. Wa maziwa walibaki nyuma. Kwa maneno mengine, maziwa yalirefusha miguu na nyama ikasaidia kichwa, pengine kwa sababu ya chuma na zinki. Anayetaka kumlea mtoto kwa maziwa peke yake asome jaribio hili mara mbili.

Hadithi ya urefu ina mizizi yake ya kikoloni. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha Wamaasai na Wakikuyu wa Kenya, wakasema mwanamume wa Kimaasai humzidi wa Kikuyu kwa inchi tano na uzito wa kilo kumi hivi. Maziwa, nyama na damu vikapewa sifa yote; asili ya watu, ardhi waliyonyang'anywa Wakikuyu, na maradhi havikuhesabiwa sana. Imani ikabaki kwamba Mwafrika anayekula nafaka anahitaji kunywa maziwa ili awe mtu kamili. Kwa sehemu ni imani hiyo iliyorudi mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi alipoanzisha maziwa ya bure shuleni, Maziwa ya Nyayo. Watoto wa Busia ya Kenya waliyanywa kwenye pakiti zao za pembe tatu. Mwaka huo huo wenzao wa Kirewa walikuwa wanatoka katika vita vilivyomng'oa Amin. Mpango ulikufa mwishoni mwa miaka ya 1990, ukiacha kizazi kizima cha Wakenya ambao hadi leo wakiona pakiti ya pembe tatu hutabasamu.

Na mifupa ya yule mzee? Hapa maziwa yamesifiwa kupita haki yao. Bilauri moja ina miligramu 300 hivi za kalsiamu. Uingereza humtaka mtu mzima apate 700 kwa siku, Marekani 1000. Serikali mbili zenye wataalamu wazuri, tarakimu mbili, na tofauti yake ni bilauri nzima. Huko Gambia vijijini wanawake wamechunguzwa kwa miaka mingi: hupata kati ya miligramu 300 na 400 tu kwa siku, na mifupa yao haivunjiki ovyo uzeeni. Walipopewa vidonge vya kalsiamu wakati wa ujauzito, mifupa yao haikunufaika. Nchi zinazoongoza kwa kuvunjika nyonga ni zile za Skandinavia, ambako maziwa hunywewa kama maji. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2014, wa wanawake zaidi ya elfu 61 na wanaume zaidi ya elfu 45, ulikuta kwamba wanawake waliokunywa bilauri tatu au zaidi kwa siku walivunjika mifupa zaidi na kufa mapema zaidi kuliko waliokunywa chini ya moja. Kwa mtindi na jibini haikuwa hivyo. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowavunja, lakini unatosha kumnyamazisha anayedai kila bilauri ni tofali jipya la mfupa. Mzee wa Kirewa mifupa yake ilijengwa na jembe, na jua lililompa vitamini D, na mukene mwenye mifupa yake yote, na maziwa pia.

Kuhusu moyo sitakaa sana. Mwaka 1964 George Mann alichapisha uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimaasai wa Tanganyika waliokunywa maziwa kwa wingi. Kolesteroli yao ilikuwa chini na moyo wao mzima. Miaka minane baadaye, alipochunguza mishipa ya wanaume 50 waliokufa, alikuta mafuta yapo ukutani mwa mishipa, ila mishipa yenyewe imepanuka. Wamaasai walitembea mno. Ni maziwa au ni miguu? Utafiti mkubwa wa PURE wa 2018, wa watu zaidi ya laki moja na thelathini na sita katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulikuta wanaotumia maziwa na mazao yake mara mbili au zaidi kwa siku hawafi kwa moyo zaidi kuliko wasiotumia, na hata kidogo wako nafuu. Kwa mtu anayekunywa nusu kikombe ndani ya chai, hofu ya mafuta ya maziwa ni hofu ya watu wengine. Sukari vijiko vinne ndani ya chai hiyo hiyo, na joto lake, vina mengi zaidi ya kujibu: mwaka 2016 shirika la WHO la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya koo la chakula, ugonjwa unaoitesa sana Afrika Mashariki.

Kuna sumu ambazo moto hauziondoi, na hizi nazihofia kuliko mafuta. Ya kwanza ni sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye ukungu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ng'ombe anayelishwa pumba za mahindi au makapi ya karanga yaliyoota ukungu huigeuza sumu hiyo na kuipitisha katika maziwa, na hata yakichemka saa nzima inabaki. Kirewa ni nchi ya karanga na mahindi. Mahindi yaliyoharibika, ambayo mama hakutaka kuwapikia watoto, humwagiwa ng'ombe, na jioni huwarudia watoto wale wale katika kikombe. Ya pili ni dawa. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki hutakiwa maziwa yake yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa. Nani anamwaga? Ya tatu ni vitu ambavyo wachuuzi hutia ili maziwa yasigande njiani, haidrojeni peroksidi na wakati mwingine formalini. Hivyo havikutoka kwa ng'ombe.

Ukiyapanga yote haya, utaona kwamba tatizo la kiafya la maziwa Kirewa haliko hasa ndani ya maziwa. Liko katika hesabu ya asubuhi. Ng'ombe wa kienyeji anatoa lita moja au mbili, na ndama anadai sehemu yake. Wakati wa mashambulio ya wezi wa ng'ombe mwishoni mwa miaka ya 1980, mazizi mengi ya Teso na jirani zake yalifagiliwa, na mengi hayakujaa tena. Ng'ombe wa gredi anatoa maradufu na zaidi, lakini anakula fedha na kufa kwa ndigana asipoogeshwa. Kwa hiyo maziwa ni pesa kabla hayajawa chakula: ni ada, ni sabuni, ni dawa ya malaria. Wanasiasa wakigombana juu ya maziwa ya mpakani, kama Kenya ilipozuia unga wa maziwa kuingizwa mwaka 2023, hugombania bei na viwanda; mtoto wa miaka miwili hayumo katika kesi. Na wale wanaomhubiria mfugaji lita 200 kwa kila mtu kwa mwaka, zaidi kidogo ya nusu lita kwa siku, wangemsaidia zaidi kama wangemuuliza kwanza ng'ombe wake anatoa ngapi.

Familia haiwezi kuacha kuuza. Lakini mtoto aliyeachishwa ziwa anahitaji kikombe kimoja tu, mililita mia mbili, yaliyochemka, pamoja na uji wa wimbi. Dumu la lita mbili likipungua kikombe hicho, mnunuzi wa Nagongera atalipa sehemu ya kumi tu pungufu. Ewe unayekamua alfajiri hii: pima kwanza kikombe cha mtoto, kiweke jikoni, ndipo ufunge dumu kwenye baiskeli.